Ferista Nambeye, Aliyeisemea Benki ya Thornhurst Tunduma

Marehemu Ferista Yonathani Nambeye, tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 21 Agosti 2015, alizaliwa tarehe 12 Mei 1961 katika kijiji cha Nkangamo, ambacho sasa kimo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Yonathani Simbeye (kwa Kinamwanga binti wa Simbeye huitwa Nambeye) na Mama Ruti Namkoko, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Tangu utotoni alijulikana kwa maneno yake mengi na kwa kutopita mlango wa mtu bila kubisha. Mama Ruti alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma chumvi atakuletea habari za ukoo mzima, na chumvi yenyewe ameisahau."

Alisoma Shule ya Msingi Nkangamo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Mwaka huo wasichana wawili tu wa shule hiyo walichaguliwa kuendelea, na yeye alikuwa mmoja wao. Baba aliuza dume la kulimia ili apate nauli, sanduku na sare, naye akasoma sekondari ya wasichana mjini Mbeya hadi mwaka 1979. Baadaye alichukua mafunzo ya ukarani ya mwaka mmoja. Alikuwa na mwandiko mzuri ambao wadogo zake, akiwamo Enoka anayesoma wasifu huu, walijaribu kuuiga bila mafanikio.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika wa kahawa huko Vwawa. Hapo ndipo alipokutana na Joshua Mwashiuya, mfanyakazi wa reli aliyekuwa amekuja kumsaidia mama yake kuleta magunia. Walifunga ndoa takatifu tarehe 20 Agosti 1983. Mama mkwe hakuwa na Kiswahili cha kutosha na Ferista hakuwa na Kinyiha hata kidogo. Msimu ule wa kuchuma kahawa bibi harusi aliomba likizo, akaingia shambani na mama mkwe kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila tunda alilochuma aliuliza jina la kitu kimoja. Akikosea, mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Msimu ulipokwisha walikuwa wakisengenya majirani pamoja kwa Kinyiha, na Joshua akawa ndiye wa kuuliza wanacheka nini. Mungu aliwajalia watoto wanne: Irene, Damiano, Ruti na Yonathani. Yonathani alifariki akiwa na miezi saba, na mama yake hakuacha kumhesabu.

Soko la kahawa lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ulianza kupunguza watu. Mwaka 1994 Ferista alipewa barua ya mistari miwili. "Miaka kumi na mitatu," alisema akimwonyesha mumewe, "hata hawakujaza ukurasa." Wakahamia Tunduma, Mtaa wa Sogea, ambako Joshua alikuwa amehamishiwa kituo cha reli, na Ferista akafungua meza ya mchele sokoni. Mchele wa Kamsamba aliuuza kwa Wazambia kwa Kibemba, kwa Wanyiha kwa Kinyiha, kwa ndugu zake kwa Kinamwanga, na kwa wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine kwa Kiswahili safi kilichomfanya aitwe Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha.

Mwezi Julai mwaka 2004 Benki ya Thornhurst, ambayo wenyewe wako Ulaya na ofisi kuu iko Dar es Salaam, ilifungua tawi Tunduma kando ya barabara kuu. Meneja wake alikuwa Bwana Uledi, mtu wa Tanga, mpole na mwenye adabu. Miezi mitatu ya kwanza walioingia humo walikuwa matajiri wachache wa malori na watu waliokuwa wakikimbia jua. Siku moja Bwana Uledi alikwenda sokoni kununua mchele, akamsikia Ferista akihudumia watu wanne kwa lugha nne, na yeye meneja akiambiwa asubiri zamu yake. Kesho yake alirudi.

"Mama, nataka unisaidie. Watu wajue kwamba tupo."

"Kwamba mpo wanajua," Ferista alimjibu. "Hawajui ninyi ni nani."

Aliajiriwa Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, kazi yake ikiwa kuitambulisha benki kwa wananchi. Kwa miaka saba na nusu aliifanya kwa moyo wote, na familia haioni sababu ya kuficha leo kwamba ni kazi iliyomchosha kuliko nyingine yoyote aliyowahi kuifanya.

Kwanza lilikuwa bango. Lilitoka ofisi kuu, refu kama mlango, likiwa na picha ya mzee wa Kizungu amekaa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, na pembeni yake mbwa mkubwa mwenye manyoya. Mama Roda, muuza dagaa aliyekuwa jirani yake wa meza sokoni, alilitazama kwa muda mrefu.

"Ferista, hii benki yenu inauza mbwa?"

"Hapana, shoga yangu. Ni picha tu."

"Picha ya nini sasa?"

 Ferista aliandika barua Dar es Salaam kuomba picha ya mtu anayefanana na watu wa Tunduma, mwenye gunia au baiskeli. Akajibiwa kwamba picha ile inatumika katika nchi kumi na moja na imeshapimwa. Ilipimwa kwa nani, hawakusema.

Pili lilikuwa jina lenyewe. Thornhurst halikukaa katika kinywa cha mtu. Wengine walisema Tonihasi, wengine Toni Hesi, na wapo waliodhani ni mtu. Mzee Hezron, mchimbaji wa dhahabu wa Saza aliyekuwa akija Tunduma kununua vifaa vya mgodi, alimuuliza bila mzaha wowote, "Huyu Bwana Toni anaishi wapi? Siku nikipata shida na fedha yangu, nimfuate wapi?"

Ferista alianza kucheka, kisha akaona mzee hacheki.

"Nifuate mimi, mzee wangu."

"Wewe unakaa wapi?"

"Sogea, nyumba ya pili ukitoka kanisani. Uliza kwa Ferista."

Mzee Hezron akafungua akaunti siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata wakaja wenzake watatu kutoka Saza, hawakuuliza Thornhurst ni wapi, waliuliza kwa Ferista ni wapi. Tangu hapo jina likawa hilo. Kondakta wa Vwawa akisimamisha gari pale alitangaza, "Kwa Ferista, wa kwa Ferista!" Joshua hakulifurahia jambo hilo.

"Mke wangu, unaweka jina lako juu ya nyumba ya watu."

"Sasa niweke lipi? La kwao halitamkiki."

Jambo moja dogo linatosha kuonyesha alivyofanya kazi. Mlinzi wa benki alikuwa na amri ya kuzuia watu wenye viatu vichafu, kwa sababu ndani kulikuwa na zulia la buluu. Asubuhi moja ya masika Mzee Hezron alifika na mabuti yake ya mgodi, akarudishwa mlangoni mbele za watu. Ferista alitoka nje, akavua viatu vyake mwenyewe akaviacha kwenye ngazi, akamshika mzee mkono, akaingia naye peku hadi dirishani, naye mzee na mabuti yake. Mlinzi alimtazama meneja, na meneja akatazama karatasi zake. Kesho yake Bwana Uledi alinunua gunia la katani, likatandikwa mlangoni, na kila mtu akafuta viatu akaingia. Gunia lile lilidumu miezi minne. Akaja mkaguzi kutoka ofisi kuu na kitabu kinene kilichoeleza mwonekano wa benki unavyotakiwa kuwa, rangi gani ya buluu, herufi za namna gani. Gunia halikuwamo kitabuni, likaondolewa. Kwa sababu hiyohiyo ulifutwa ubao ambao Ferista aliuandika kwa mkono wake maneno ya kukaribisha wageni kwa Kinamwanga na Kinyiha. "Wanataka watu wawajue," alimwambia Enoka siku hiyo, "lakini hawataki kufanana na mtu yeyote anayejulikana."

Hakuacha. Alikwenda Galula kwa wakulima wa mpunga na Saza kwa wachimbaji, kwa pikipiki, kila kifungo cha koti kikiwa kimefungwa kwa ajili ya vumbi. Mara moja pikipiki iliteleza mtoni, akarudi nyumbani akiwa matope mwili mzima, lakini fomu kumi na nne za wateja wapya zilikuwa kavu, amezifunga ndani ya kitenge kichwani. Alikaa na watu misibani na harusini. Aliwaeleza wazi yale ambayo karatasi za benki ziliyaeleza kwa Kiingereza. Aliwaandikia wazee barua za kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ili watambulike. Na kila alipoulizwa kama wageni hawa siku moja hawataondoka kama wale wanunuzi wa kahawa walioondoka, alijibu, "Hawa wamejenga. Hawahami." Hadi mwisho wa mwaka 2008, kwa maneno ya Bwana Uledi, wateja wa kawaida wa tawi lile walikuwa wamepita elfu mbili, wengi wao wakiwa watu ambao hawajawahi kuingia benki yoyote.

Aprili 2009 ofisi kuu ilituma vijana sita kutoka mjini wenye fulana za buluu na karatasi za maswali, wapite sokoni wapime kama jina la benki linajulikana. Walifika mezani kwa Mama Roda.

"Mama, ukisikia neno benki, jina gani linakujia kwanza?"

"Kwa Ferista."

"Hapana mama, jina la benki."

"Ndiyo hilo. Kwa Ferista. Pale penye buluu. Nina akaunti pale mwaka wa nne huu."

Kijana akaandika kwamba hajui. Waliwauliza watu mia nne, na karibu wote walijibu namna hiyo, na wote wakaandikwa hawajui. Matokeo yalisema kwamba katika kila watu mia wa Tunduma, tisa tu ndio wanaoijua Benki ya Thornhurst. Mwezi Juni Ferista akapokea barua ya onyo ikisema ameshindwa kulijenga jina la benki na badala yake amejitangaza binafsi.

Bwana Uledi alimkabidhi barua ile mkononi, na inasemekana hakuweza kumtazama usoni. Ferista aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. "Wameuliza kama watu wananijua," alisema, "watu wakajibu ndiyo, wao wakaandika hapana. Sasa mimi nikate rufaa wapi?"

Ili kurekebisha mambo, ofisi kuu ilileta lori la muziki, wacheza ngoma za kisasa na miavuli mia tano ya buluu. Ferista aliomba fedha za siku moja tu ya lori lile zitumike kumwajiri mwanamke mwingine anayejua Kindali na Kisafwa, kwa sababu peke yake hakuweza kufika kote. Hakujibiwa. Miavuli iligawiwa, watu wakaipenda sana, ikasimama juu ya meza za nyanya hadi ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyefungua akaunti kwa sababu ya mwavuli. Wakati huohuo watu walianza kutumiana fedha kwa simu, na ofisi kuu ikashangaa kwa nini wateja wadogo hawaongezeki.

Tarehe 28 Februari 2012, saa kumi jioni, Bwana Uledi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Irene, wanafunga. Wenyewe wa Ulaya wameamua kubaki miji mikubwa tu. Tangazo litabandikwa keshokutwa."

"Kwa lugha gani?"

Bwana Uledi akamsogezea karatasi, na Ferista akaona ni kwa Kiingereza.

Hakungoja tangazo. Kesho yake alianza kuzunguka, meza kwa meza, mtaa kwa mtaa, kuwaambia watu kwa kinywa chake waje wachukue fedha zao au wazihamishe, asije mtu akakuta mlango umefungwa akazimia barabarani. Alikwenda Galula. Alikwenda Saza. Ruti, binti yake, aliyefuatana naye siku ile, ndiye aliyetusimulia.

Mzee Hezron aliwakaribisha akawapa viti. Alimsikiliza Ferista hadi mwisho.

"Fedha yangu nitaipata?"

"Yote, mzee."

"Basi sina dai. Lakini ulisema hawahami."

"Nilisema."

"Nani alikuwa amekuambia?"

 Hakuna aliyekuwa amemwambia Ferista. Aliona jengo, akaona zulia, akaamini, akawaambia wengine. Mzee Hezron hakumtukana wala hakupandisha sauti. Aliwasindikiza hadi kwenye pikipiki, akaagana na Ruti kwa mkono, lakini mkono wa Ferista hakuushika.  Nyumbani Ferista alimwambia Joshua, "Angenitukana ningepata nafuu."

Hakuna mteja aliyepoteza hata shilingi, na hilo lisemwe leo mbele ya jeneza lake. Lakini wapo waliopunguza salamu. Wapo waliosema alikuwa akijua tangu mwanzo. Benki ilimpa cheti cha shukrani chenye fremu, kimeandikwa "Felista Nambea." Aliandika barua ya kurasa tatu kwenda kwa wenye benki huko Ulaya, Enoka akaitafsiri na kuipiga chapa. Aliwaeleza habari za gunia, ubao, mbwa na vijana wa fulana, na akawauliza kwa nini walimtuma kuwaahidi watu jambo ambalo wao hawakukusudia. Baada ya wiki tano likaja jibu la kumshukuru kwa maoni yake, ambayo wanayathamini. Alilisoma mara moja tu.

Alirudi sokoni, lakini meza aliisogeza upande wa nyuma ambako wateja wake wa zamani wa benki hawapiti sana. Mama Roda alihama naye, na harufu ya dagaa wake. Kila alipoona mtu wa Saza akipita, Ferista aliinama kama anayechambua mchele.

Tarehe 17 Novemba 2013 alipatwa na kiharusi akiwa anapika. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vikiwa havina nguvu na ulimi ukiwa umefungwa. Mtu aliyesema lugha nne alibaki hana hata moja. Joshua alimwogesha, alimlisha na kumsomea Zaburi kila asubuhi bila kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, na familia inamshukuru kwa hilo. Baada ya miezi minane maneno yalianza kurudi, Kinamwanga kwanza, kama ya mtoto. Kiswahili kilirudi kidogokidogo, neno moja, mawili, na kila moja alilitafuta kwa jasho.

Siku ya Nane Nane mwaka huu, tarehe 8 Agosti, alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. Gari la matangazo la benki nyingine ya kigeni, ambayo inatarajia kufungua tawi hapa mjini, lilipita Sogea likipiga muziki. Vijana walishuka wakigawa kofia na kalenda nyumba kwa nyumba. Msichana mmoja mchangamfu, mwenye fulana ya rangi ya machungwa, alipanda barazani akapiga goti vizuri, akamsalimu, akamwekea kofia mapajani.

"Shikamoo mama. Tumekuja kujitambulisha. Sisi ni benki yako mpya."

Ferista alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto. Midomo ilihangaika. Irene, aliyekuwa akianika nguo, alitaka kumsemea, akamwona mama yake anatikisa kichwa kukataa. Ilichukua muda, muziki ukiwa umeshasogea nyumba ya tatu na wenzake wakimwita.

"Mta... mtakaa?"

Msichana hakuelewa. Alimtazama Irene, akacheka kwa aibu. "Mama anasema tukae? Asante mama, tuna haraka, siku nyingine."

Akajinasua taratibu, akakimbilia gari. Ferista alibaki ameutazama mlango wa uzio, machozi yakimtoka upande mmoja wa uso, ule ulio mzima. Irene aliapa kumfuata yule msichana amweleze mama alichouliza. Ferista akasema neno la pili la siku hiyo, kwa Kinamwanga: amwache, ni mtoto tu, hajui, ametumwa.

Jumatano tarehe 19 Agosti, saa moja asubuhi, alipatwa na kiharusi cha pili, akafariki nyumbani kwake mikononi mwa mumewe, kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, miezi mitatu na siku saba. Ilibaki siku moja watimize miaka thelathini na miwili ya ndoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wazee na kwaya ya kanisa, ushirika wa Sogea, majirani, wanawake wa soko, na Bwana Uledi, aliyesafiri kutoka Tanga kwa basi na yupo nasi hapa.

Marehemu ameacha mume, Joshua Mwashiuya, watoto watatu, Irene, Damiano na Ruti, wajukuu watano, ndugu wanne, Enoka akiwa wa mwisho, mama mkwe, ambaye ana miaka themanini na tisa na ameomba mkwewe azikwe kwa wimbo wa Kinyiha, na rafiki yake Mama Roda, ambaye familia imeamua kumwandika hapa kama ndugu.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ferista, dada yetu, lala kwa amani. Umesema vya kutosha kwa ajili ya wengine. Huko uendako usidaiwe neno ambalo si lako.